Liwa ya Pentium

Magogoni, Jumatatu, 9 Januari 1995

Kompyuta imeganda tena. Adhuhuri ilikuwa haijaingia, madirisha yote wazi, nami nachapa mitihani ya Mwalimu Agneta, mkuu wa shule ya wasichana kule Ziwa la Ng'ombe. Ghafla skrini ikakodoa macho, kibodi ikafa mikononi mwangu. Bibi yangu Kuluthum, ninayeishi naye, alikuwa mlangoni na ungo wake wa mchele.

"Imekuwaje?"

"Imeganda, Bibi."

"Kwa baridi gani?"

"Si baridi. Imepata joto sana, ndiyo ikaganda."

Bibi akaweka ungo chini ili acheke vizuri. "Mafuta ya nazi yaganda kwa baridi. Hicho chako chaganda kwa joto. Mwanangu, hiyo si mashine, hilo ni jini."

Nimeamua kuandika siku zangu kuanzia leo, ili Pentium, ile akili mpya ya kompyuta niliyoiagiza, ikifika niwe na ushahidi kwamba niliisubiri kama inavyostahili kusubiriwa. Kaka yangu Barakat, auzaye vipuri vya kompyuta Dubai, alitanguliza bodi ya kuikalia hiyo Pentium mwezi uliopita. Iko juu ya kabati, tundu lake la mraba li wazi. Nyumba imepangwa fenicha, bibi harusi hajaja. Mimi, Mwanakheri binti Rashid, nitaandika mpaka aje.

Ijumaa, 13 Januari

Leo nimemkamata mwizi wa baridi yangu, na mwizi ni Bibi.

Mashine iliganda asubuhi kabisa, jua halijapanda. Nikaifungua. Juu ya prosesa, hicho kipande kidogo ambacho ndicho akili yote ya kompyuta, hukaa bapa la alumini lenye meno kama chanuo, na juu ya chanuo hukaa feni ndogo. Prosesa ikifanya kazi hutoa joto, chanuo hulivuta, feni hulipuliza nje. Mimi hulipima joto kwa mgongo wa mkono, kama mtu apimavyo maji ya kumwogesha mwana. Mkono ukitulia juu ya chanuo, salama. Mkono ukiruka, ngojea kuganda. Leo uliruka.

Feni ilikuwa haizunguki. Nikaichomoa, nikanusa. Udi! Majivu ya ubani yameshikana na moshi wa udi, yamekuwa gundi. Kila Alhamisi jioni Bibi hufukiza nyumba nzima, na chumba changu hukifukiza mara mbili, kwa ajili ya lile jini.

Nimemwambia chetezo chake cha kufukizia kisikanyage tena chumbani mwangu. Amesema, "Haya," akaenda zake jikoni. Nilitarajia ugomvi. "Haya" ya Bibi ni nzito kuliko ugomvi, lakini feni yangu sasa inazunguka na mimi sijutii.

Jumanne, 17 Januari

Siku ya kuandikwa kwa wino mwekundu, ila wino mwekundu sina.

Mwalimu Agneta aliniita kwenye kikao cha bodi ya shule. Kuna mfadhili ameahidi kompyuta kumi kwa wasichana wake. Sharti ni moja: bodi ithibitishe kwamba zitafanya kazi pale. Bodi ikishindwa, zinakwenda shule nyingine, kisiwani. Na nani aliyealikwa kutoa ushauri wa kitaalamu? Aqil, mwana wa ami yangu, mwenye duka la kompyuta Nyali, na dukani mwake mna mashine ya baridi ya ukutani inayokufanya utake shuka.

Aqil alisimama na tai yake. "Ndugu mwenyekiti, darasa hili lina paa la mabati. Kaskazi, msimu huu wa joto, ikipamba moto hapa ni tanuri. Kompyuta za kawaida zitaganda kila mchana, na hizi mpya zinazokuja, Pentium, hizo zitaungua. Bila mashine ya baridi, ushauri wangu ni mzikatae."

Mwenyekiti, Mzee Ngumbao, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mashine ya baridi shule haina, na umeme wa kuiendesha haina. Nikamwona Mwalimu Agneta akiziba kalamu yake, namna mtu afanyavyo jambo likishakwisha.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijisikia tu nikisema, "Mzee, nipeni siku moja ya mwezi wa Machi, mwezi wa joto kuliko yote. Nitaleta Pentium yenyewe, hiyo yenye joto kuzidi zote, niiweke humu ndani ya darasa la mabati, ifanye kazi tangu kengele ya asubuhi hadi kengele ya mwisho. Ikiganda mara moja, zikataeni. Isipoganda, zile kumi zilizo ndogo kwake zitashindwaje?"

"Hiyo Pentium unayo?" akauliza Mzee Ngumbao.

"Iko njiani," nikasema.

Iko njiani! Hata dukani Dubai sijui kama imefika. Wamenipa Alhamisi ya tarehe kumi na sita, baada ya Idi. Mwalimu Agneta alinifuata hadi langoni. "Mwanakheri, mimi ni mtu wa bara, mafumbo yenu siyawezi, kwa hivyo nakuambia waziwazi. Nina wasichana mia tatu ambao hawajawahi kugusa hata taipureta. Usinichezee."

"Sikuchezei, Mwalimu."



Jumapili, 22 Januari

Joto. Hata kuku wa jirani hawatoki chini ya mkokoteni.

Jumatano, 25 Januari

Barakat alipiga simu duka la mtaani, nikaitwa mbio. Nilimwambia mambo yote kwa pumzi moja. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Ninayo Pentium ya tisini hapa, naweza kukutumia kesho. Lakini ukingoja kidogo, dada, ile ya mia inashuka karibu."

Hii ndiyo fitina ya kompyuta. Ukinunua leo, kesho inatoka iliyo bora. Ukingoja kesho, kesho kutwa ina yake. Nimekaa mwaka mzima na gazeti moja la kompyuta lililonifikia kwa kupokezwa meli hadi meli, ukurasa wa Pentium umelegea kama noti ya zamani. Naujua kwa moyo. Swichi zaidi ya milioni tatu ndani ya kipande unachoweza kukificha kiganjani, na moyo unaopiga mara milioni mia kwa sekunde moja, ndiyo hiyo ya mia. Nausoma usiku nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeposwa.

"Nitangoja," nikamwambia Barakat. "Leta ya mia."

Bibi alisikia niliporudi nikimsimulia jirani. "Mkamia maji hayanywi," akasema, hata hakugeuza uso. Ndiyo maneno yake ya kwanza marefu tangu yale ya chetezo.

Jumatano, 1 Februari

Mwezi umeonekana. Kesho ni saumu. Pentium haijaonekana.

Alhamisi, 9 Februari

IMEFIKA!

Mwanabibi, jirani yetu afanyaye biashara ya nguo za Dubai, ameshuka leo na mizigo yake, na katikati ya madira na chupa za manukato mlikuwa na kopo la biskuti lenye jina langu. Nililifungua papo hapo. Ndani, juu ya sponji nyeusi, Pentium. Ya mraba, ya kijivu, dhahabu kidogo mgongoni na vijino vingi vya dhahabu tumboni. Kando yake chanuo jipya kubwa na feni yake, na tyubu moja ya dawa nyeupe ya kupaka kati ya chanuo na prosesa ili joto lipite. Tyubu haina maandishi yoyote ila herufi za Kichina.

Barakat amemtumia Bibi pia: leso, sabuni, mafuta ya karafuu. Vyote, na tyubu yangu pamoja, tumevipanga kwenye kabati la ukumbini.

Nimesali rakaa mbili za shukrani. Sikumwomba Mungu anisamehe kwa kuwa nilikuwa nikifikiria feni wakati wa kusujudu, lakini naomba sasa.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeikalisha ndani ya tundu lake. Haikulazimishwa, iliingia yenyewe. Dawa nimepaka kwa ukarimu, kama samli juu ya mkate. Ikawaka mara moja! Nimeiandikia programu ya kuchora nakshi, zile za milango ya kale, ua ndani ya ua, ikimaliza ijichoree nyingine bila kupumzika. Mashine ya zamani ilikuwa ikichora nakshi moja huku mimi nikienda kutazama chungu. Hii inamaliza kabla sijanyanyuka kitini.

Nilimwita Bibi aje aone. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Nzuri," akasema. Kisha: "Mato yangu yauma na mwangaza," akaenda.

Jumamosi, 18 Februari

Nimefedheheka. Naandika nikiwa bado na hasira, kesho nitasoma nione kama nilistahili.

Aqil alikuja kufuturu. Ni ndugu, na mlango wa futari haufungwi. Tulikula kaimati na viazi vya nazi, akasifu kila kitu, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Nasikia mgeni ameshafika. Nionyeshe basi."

Nilikuwa nangojea hilo tu. Nikaiwasha, nakshi zikaanza kuchanua. Aqil alisogeza kiti. Nakuapia, uso wake ulifunguka kama wa mtoto dukani, maana yeye mwenyewe ya mia hana bado. "Mashallah," akasema. "Mashallah, Mwanakheri. Tazama kasi hiyo!" Nikawa mrefu pale nilipoketi. Chumba kilikuwa na joto la siku nzima lililofungiwa chini ya mabati, sisi sote tunatiririka jasho, na nakshi zinakuja moja baada ya moja.

Chai haijamiminwa, kompyuta ikaganda. Ua nusu, nusu kiza.

Niliizima nikaiwasha. Ikachora kidogo, ikaganda. Niligusa chanuo, mkono ukaruka.

Aqil hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniwekea mkono begani akasema, "Si kosa lako. Magogoni si mahali pake. Ilete Nyali, nitaiweka chumbani kwangu penye baridi, uje uitumie utakapo." Pentium yangu! Ikae Nyali kama mtoto aliyekwenda kulelewa na matajiri!

Nikamtolea Bibi hasira zote. Aqil alipoondoka tu nilisema, "Ni huo moshi wako! Umeingia mpaka kwenye kuta, kila kitu changu kinakufa!" Na chetezo hajakiwasha upande wangu tangu mwezi uliopita. Nilijua hivyo wakati nikisema. Bibi alikuwa akikusanya vikombe. Alivikusanya vyote bila kugonganisha hata kimoja.

Jumapili, 19 Februari

Nimesoma ya jana. Sikustahili.

Nilimwomba Bibi radhi kabla ya daku. Akasema, "Nimekusamehe zamani." Lakini mlango wetu wa mazungumzo umefungwa. Ananiwekea chakula, ananiitikia salamu, basi.

Alhamisi, 23 Februari

Nimeongeza dawa. Imeganda.

Jumatatu, 27 Februari

Nimefungua upande wa sanduku la kompyuta, nimeweka feni ya mezani iielekee. Imechelewa kuganda, lakini imeganda. Nimeongeza dawa tena.

Ijumaa, 3 Machi

Idi. Nimevaa dira jipya nikatembelea watu kwa adabu zote, na kila nyumba nikasikia, "Eti wewe ndiye utakayeshindana na Aqil?" Magogoni haina siri. Mwalimu Agneta alinitumia salamu kwa msichana mmoja aitwaye Mwanatatu, wa kidato cha pili. Mtoto akanipa salamu, kisha akaongeza zake: "Dada, tumeshapanga nani atakaa na nani. Mimi niko kompyuta ya tatu, karibu na dirisha."

Kompyuta ya tatu, karibu na dirisha. Wameshapanga.

Jumanne, 7 Machi

Imeganda.

Jumanne, 14 Machi

Ya leo nitaisimulia taratibu, maana nikiikimbiza hakuna atakayeamini, pamoja na mimi mwenyewe.

Nilikuwa na mpango wa mwisho. Asubuhi niling'oa chanuo, nikafuta dawa yote kuukuu kwa pamba na spiriti, prosesa ikabaki safi inang'aa. Niliazimia kuipaka upya yote iliyobaki ndani ya tyubu, mara mbili ya kawaida. Hoja yangu ilikuwa haina ufa: kama dawa yasaidia kupoza, dawa nyingi yapoza zaidi. Nikaacha vyote mezani, nikaenda shule kupima darasa. Nilisahau kwamba tyubu yenyewe iko kabatini ukumbini, kati ya sabuni za Bibi na mafuta yake ya karafuu.

Nikarudi alasiri. Bibi amekaa barazani, miguu ameinyoosha, kipepeo cha ukindu mkononi, anajipepea. Uso wake mweupe. Shingo nyeupe. Mikono myeupe mpaka viwikoni. Na pajani mwake tyubu, imekamuliwa ikawa bapa.

"Bibi!" Sauti ilinitoka ya mtu mwingine. "Umepaka nini?"

"Liwa," akasema kwa raha, macho kayafumba. "Ile ya Dubai, ya Barakat. Harara ya joto imenila shingo tangu Idi. Hawakutia sandali hawa, haina harufu hata chembe. Lakini yapoza, mwanangu. Wallahi yapoza!"

"Hiyo si liwa ya kupoza ngozi! Hiyo ni dawa ya kompyuta!"

Akafungua jicho moja. "Kompyuta yapakwa liwa?"

"Ndiyo, yapakwa!"

"Kwani nayo ina harara?"

Sikujua nilie au nicheke, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu nikalia. Siku mbili zimebaki, na Dubai ni mbali. Nilimweleza Bibi yote, kwa mara ya kwanza tangu Januari: shule, kompyuta kumi, Aqil, Mwanatatu na dirisha lake. Alisikiliza uso ukimkauka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi siyui kusoma Kichina, Mwanakheri. Nimeiona nyeupe, yatoka Dubai, iko kabatini mwangu."

Ni kweli. Angejuaje? Nani katika mji huu angeiona ile tyubu akafikiria jingine?

Nilichukua wembe nikaipasua tyubu. Ndani mlikuwa na alama tu, kama ya uji uliobaki kwenye upawa. Nakiri kwamba kwa dakika moja niliitazama pua ya Bibi huku wembe uko mkononi. Lakini Bibi alikuwa ameshapaka mafuta ya nazi chini yake, ingeharibika. Nikakwangua nilichopata. Kilikuwa hakitoshi hata ukucha. Nikakitandaza juu ya prosesa kwa ubapa wa wembe, nikikivuta, nikikibembeleza kifike pembeni, mpaka kikawa chembamba kiasi cha kuona maandishi ya Pentium chini yake. Nikabana chanuo, nikawasha, nikageuka nisiitazame ikifa.

Adhana ya magharibi ikalia. Nikageuka. Inachora.

Niligusa chanuo kwa mgongo wa mkono. Mkono ukatulia. Ulitulia kabisa, maji ya mwana! Nikauondoa nikaurudisha. Bibi akaja mlangoni na uso wake mweupe. "Vipi?"

"Haijaganda," nikasema.

Tumekula mbele yake, sinia tumeliweka sakafuni chumbani mwangu. Nakshi zinachanua juu ya vichwa vyetu. Bibi ameingia ndani kwa mara ya kwanza tangu siku ya udi.

Jumatano, 15 Machi

Imechora mpaka asubuhi na mchana kutwa. Nimekaa nayo nikifikiri, na nimejitambua mjinga kwa furaha.

Dawa haipozi chochote! Joto linataka kutoka kwenye prosesa liingie kwenye chanuo, na chuma kwa chuma hakigusani sawasawa, kuna mianya midogo isiyoonekana. Kazi ya dawa ni kuziba hiyo mianya tu. Mimi nilipaka kama samli, nikaweka ukuta mnene kati ya vile viwili vilivyotaka kugusana. Kila ilipoganda niliongeza ukuta. Pentium yangu ilikuwa imevikwa blanketi mwezi wa Machi, na aliyeivika ni mimi, wala si moshi wa mtu yeyote.

Nimemwambia Bibi hivyo hivyo, bila kupunguza. Kwamba kama asingepaka ile tyubu usoni, kesho ningekwenda kuaibika mbele ya bodi.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana niliipunguza," akasema.

Anakuja kesho. Hakuuliza kama anaalikwa.

Alhamisi, 16 Machi

Ngoja niandike.

Tulifika kabla ya kengele. Darasa la kidato cha pili, mabati juu, hakuna dari. Nikaiweka meza ya katikati mbele ya macho ya kila mtu, nikawasha, nakshi ya kwanza ikachanua, wasichana wakapiga vigelegele. Mwalimu Agneta akawanyamazisha, lakini yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la sherehe. Bibi aliketi kiti cha mbele na liwa yake usoni, liwa ya haki hii, ya sandali, darasa zima likanukia.

Asubuhi ilipita vizuri. Niliwapitisha wasichana kwa zamu, kila mmoja aguse, aone. Kufikia saa sita mabati yalianza kulia, kwa, kwa, kwa, namna yanavyolia yakitanuka. Wajumbe wa bodi wamefungua vifungo. Saa saba Aqil akaingia na koti, tai na mkoba wake mkubwa wa ngozi. Akasalimia wote, shikamoo kwa Bibi, akasimama karibu na meza yangu. Jasho lilimshika hapo hapo mlangoni. Mtu aliyezoea baridi ya ukutani, kaskazi haimhurumii. Aliweka mkoba mezani, akatoa leso, akajifuta.

Na nakshi ikasimama.

Ua nusu, nusu kiza. Nilisikia mabati tu.

"Nilisema," Aqil akasema, na sikusikia furaha katika sauti yake. "Mzee Ngumbao, nilisema tangu mwanzo. Si kosa la dada yangu."

Mzee Ngumbao akainuka. Mwalimu Agneta alikuwa amejishika mdomo. Nikamwona Mwanatatu pale karibu na dirisha, ananitazama mimi, haitazami kompyuta. Nilitaka ardhi ipasuke. Kisha mkono wangu, wenyewe, ukaingia upande ulio wazi wa sanduku ukagusa chanuo kwa mgongo wake, ukatulia.

Maji ya mwana.

Haikuwa na joto! Na kama haina joto, imegandaje? Nikatazama waya, zima. Nikatazama kibodi. Pembe ya mkoba wa Aqil, ule mkubwa wa ngozi, ilikuwa imelala juu ya kona ya kibodi, juu kabisa ya kitufe cha kusimamishia kazi.

"Aqil," nikasema, "mkoba wako."

"Una nini?"

"Uondoe."

Akauondoa. Nikabonyeza kitufe kimoja kwa kidole cha shahada, polepole, ili wote waone. Nakshi ikaendelea pale pale ilipoachia, ua likakamilika, la pili likaanza.

Kelele zilizotoka pale nadhani zilifika Kongowea. Bibi alipiga kigelegele kimoja kirefu, na meno yake machache yote yakaonekana. Mzee Ngumbao aliketi tena, akacheka mpaka akashika kiuno. Hata Aqil alicheka, alicheka sana, akavua koti akalitupa kitini, tai ikafuata. Alikaa nasi kwa shati lililolowa mpaka kengele ya mwisho. Nakshi haikusimama tena. Kengele ilipolia Mwanatatu ndiye niliyempa kuizima, na alikibonyeza kitufe cha kuzimia kama anavyofunga mlango mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Zije," Mzee Ngumbao akasema. "Zote kumi. Lakini binti huyu atuambie, siri ni nini?"

Niliufungua mdomo nieleze mianya na chuma. Bibi akanitangulia.

"Liwa," akasema.

Ijumaa, 17 Machi

Aqil alikuja baada ya sala, peke yake, bila tai. Alikaa barazani muda mrefu akizungumza habari za watu. Kisha akasema kwamba mwaka jana umeme ulipotea Nyali, uliporudi mashine ya baridi ikakataa, na prosesa mpya ya mteja ikaungua usiku huo dukani mwake. "Tangu hapo naogopa joto, Mwanakheri. Sikusema vile kwa hila."

Nimemwona mwaka mzima kuwa mtu wa majivuno. Kumbe ni mwoga tu, na woga wake una sababu. Ghafla nikampenda tena kama tulipokuwa wadogo tukifungua redio za ami.

"Sasa ile dawa," akasema, "unaipaka vipi?"

"Muulize Bibi."

Akadhani nafanya mzaha. Nikamwonyesha jikoni kwa kidevu. Basi Aqil bin ami yangu, mtaalamu wa Nyali, akanyanyuka, akaenda jikoni, akapiga magoti mbele ya kibao cha mbuzi anachokunia Bibi nazi. "Shikamoo Bibi. Liwa ya kompyuta hupakwaje?"

"Marahaba. Keti, mwanangu. Shika nazi hii kwanza."

Amekuna nazi mbili kabla hajaambiwa.

Jumanne, 2 Mei

Masika yameingia. Mvua inapiga mabati ya darasa hata lazima nipige kelele, na ndani, kompyuta kumi, na mwalimu wake ni mimi. Mwanatatu yuko ya tatu, karibu na dirisha.

Asubuhi kabla ya kuziwasha, Bibi alikuja na chetezo. Alisimama nje ya mlango, chini ya ukingo wa paa, akafukiza upande wa barabarani, makusudi kabisa, huku akinitazama kama ninaona. Nilikwenda nikamshika mkono nikamleta mpaka kizingitini. Udi kidogo haujamuua mtu, na feni nitazisafisha mwenyewe kila Ijumaa.

Leo nimewafundisha wasichana kufungua sanduku na kupaka dawa. Mmoja alikamua tyubu kama dawa ya meno. Darasa zima likampigia kelele kabla sijasema neno: "Nyembamba! Kama liwa ya Bibi!"

Jioni Barakat alipiga simu. Ana habari, sauti yake inapanda na kushuka. Kuna mpya inakuja, dada, imeshatangazwa, inaipita ya mia, na nyuma yake kuna nyingine wasiyotaka hata kuitaja kasi yake. Nimerudi nyumbani nikikimbia kwenye mvua, kitambaa kimelowa. Nimemkuta Bibi anapepeta mchele.

"Bibi, inakuja nyingine!"

"Mkamia maji..." akaanza.

"Nimeyanywa, Bibi. Nimeyanywa mpaka nikashiba."

Akapepeta kidogo, akapuliza makapi. "Hiyo mpya," akauliza, "ina joto kuipita hii?"

"Kuipita sana."

"Basi mwambie Barakat yeo hii," akasema Bibi, "alete tyubu mbili. Moja yangu."